Sentensi Ambayo Salim Hakuisema

Wandera, ndugu yangu,

Nianze na habari, maelezo baadaye, kama ulivyotaka siku zote. Simu ya ofisi imerudi baada ya kukatika siku nne. Foleni ya malori asubuhi hii imepita kanisa, na mkia wake siuoni. Mama Amoit amesogeza meza yake ya chai kwa sababu mtaro umefurika. Kiti chako bosi amekiacha pale pale, ila siku hizi kinabeba printa. Ni mwezi wa tatu tangu tukuzike kwenu Funyula.

Nakuandikia nikiwa mezani kwako. Ni saa moja na nusu asubuhi, ule muda bosi aliokuruhusu kutumia kompyuta kabla wateja hawajafika. Nina ujumbe wako, na aliyeutuma hajui pa kuupeleka. Nitaufikia. Kwanza niseme yaliyoutangulia, hata yale unayoyajua, kwa sababu mimi na wewe hatukuwahi kuyasema.

Ulikuwa karani wa wakala wa forodha hapa Malaba, kazi yako kujaza fomu za mizigo. Mimi nilikuwa mwandishi wa gazeti, nakaa Busia, nakuja Malaba kutafuta habari na kunywa chai. Ulipounganisha modemu ukajiunga na ile orodha ya barua pepe ya Wakenya na Waganda waliotawanyika duniani, nilidhani utachoka baada ya wiki mbili. Watu walibishana juu ya kila kitu: kampuni gani ya programu ni mwizi, serikali gani ni mwizi, na kama kuna tofauti. Hukuchoka. Ulichapisha barua za usiku, ukatoka nazo hadi foleni, ukawasomea madereva kwa Kiswahili. Watu waliokwama hapa siku tatu wana nafasi ya kusikiliza.

Naikumbuka sauti yako, juu ya kreti la soda: "Leo kuna barua ya mhadhiri wa Nairobi."

Na Mama Amoit, bila kuinua macho kwenye karai: "Huyo tena? Leo katiba imeharibu nini?"

"Anasema bila katiba mpya hata kompyuta hazitafanya kazi."

"Basi karai langu la mandazi ni la katiba ya zamani. Kuleni."

Walipojibu, uliandika. Na ulikuwa na sheria moja ambayo uliishika kuliko mapadri wanavyoshika zao: jibu haliondoki kabla halijasomwa mbele ya aliyelisema. Ulilichapa, ukalirudisha foleni, ukamtafuta mwenyewe lori kwa lori, ukamsomea. Akisema "sivyo," ulilifuta. Nilikucheka. Nilikuambia gazetini tungekufa njaa kwa sheria hiyo. Ulinijibu, "Ndiyo maana watu wakisoma gazeti huuliza ni nani alisema."

Watu wa orodha walidhani wewe ni kamati. Ulitia sahihi "Sisi wa Malaba," na yule Mganda wa London aliwahi kuomba orodha ya wajumbe.

Halafu akaja Ekisa. Mtoto wa Moding, hapa karibu, aliyesoma akaenda Amerika na kuajiriwa na kampuni kubwa ya programu. Kampuni hiyo ilitaka kuziuzia serikali zetu programu ya forodha. Ekisa aliitetea orodhani kwa bidii, na wewe ukampinga kwa bidii. Wewe ulisema programu ya mpaka iandikwe na mtu aliyewahi kusimama mpakani, na serikali inayoinunua iruhusiwe kuifungua na kuitazama ndani. Yeye alisema watu wa mpakani wanaiogopa kompyuta kwa sababu itawanyima kazi ya kubeba karatasi. Mlirushiana maneno kutwa. Na bado, kwa muda wake mwenyewe, alikuwa akikuandikia programu ndogo ya kujaza fomu, bure, akikutumia vipande vipande ukajaribu. Mlitukanana juu ya kampuni na kusaidiana juu ya fomu. Sikuona ajabu. Hapa mpakani ndivyo tunavyoishi na majirani.

Ile wiki figo zilipokulaza hospitali ya Nangina mara ya kwanza, uliniachia ufunguo wa ofisi. Ulisema, "Soma, andika, rudi usome, ndipo utume." Maneno hayo ninayo kwenye daftari, na tarehe yake.

Nilisoma. Salim, yule dereva wa Mombasa, alikuwa siku ya nne foleni, na mvua haikukatika. Alisema: "Muulizeni huyo bwana, hiyo programu yake inaijua mvua? Mimi karatasi zangu zimelowa tangu juzi. Dirishani naambiwa hazisomeki, nirudi Mombasa nikalete nyingine. Sasa kompyuta ikilowa, nayo itarudi Mombasa?"

Ni swali zuri. Nililiandika lote. Nilipofika mwisho nikaona halina kilele. Kwa miaka mingi nimelipwa kujua aya inavyofungwa, na Ekisa alikuwa anatushinda, na nilitaka ashindwe. Nikaongeza sentensi moja: "Lakini hawezi kujibu, maana ameyauza masikio yake kwa kampuni, hata mama yake akilia Moding hamsikii."

Mvua ilikuwa kubwa. Sikurudi foleni kusoma. Nikatuma.

Ekisa alijibu kwa mistari miwili. "Mama yangu hayumo kwenye mjadala huu. Na Malaba, mimi na ninyi basi." Ile programu ya fomu ikaishia hapo, nusu. Mpaka leo ukiifungua inauliza uzito wa mzigo, halafu inanyamaza.

Ulirudi kutoka Nangina umekonda. Ulisoma karatasi umesimama, ukaikunja mara mbili, ukaniuliza: "Hii ya mama, Salim alisema?"

Nikasema, "Alimaanisha hivyo."

Ukasema, "Sikuuliza alimaanisha nini."

Hukuongeza neno, wala siku hiyo wala baadaye. Orodhani uliandika sentensi moja tu: yote yaliyotoka kwenye anwani hii nitayajibu mimi. Nilifikiri umelimaliza. Nilishukuru kimoyomoyo, nikaenda zangu Busia.

Sasa mazishi.

Watu walikuwa wengi, hotuba zilikuwa ndefu, na mkuu wa ukoo wenu alikosea umri wako mara mbili. Nilikuwa nimesimama na daftari, kwa mazoea tu, maana hapakuwa na la kuandika gazetini. Hapo akaingia mama mmoja mzee, viatu mkononi. Alikuwa ametoka Moding alfajiri, akabadilisha magari Malaba na Busia, akashuka Bumala akaulizia njia. Watu walimpisha. Aliomba nafasi ya kusema, na kwa kuwa kwenu msiba haumnyimi mtu neno, alipewa.

Alisema hivi, na haya nimeyanakili bila kugusa:

"Mimi ni mama wa Ekisa. Huyu kijana sikuwa namjua. Siku moja anakuja kwangu na baskeli ya boda boda, mvua inanyesha, yeye mwenyewe ni mgonjwa, unaona kabisa ni mgonjwa. Ananiita toto, ni mama kwa lugha yetu, kama mtoto wetu wa Kiteso. Anasema, toto, kuna neno baya juu yako limetoka kwa meza yangu, limeenda mahali wewe huwezi fika ujitetee. Nikauliza, limeenda wapi? Akasema, kwa kompyuta. Nikamwambia, kompyuta mimi sijui. Lakini wewe umekuja na miguu yako. Kaa chini ukule. Alikula kuku yangu, akalala kidogo hapo kwa kiti, akaenda. Basi na mimi nimekuja na miguu yangu."

Wandera, daftari liliniponyoka.

Nilitafakari njia nzima ya kurudi. Hukuweza kuomba radhi orodhani, kwa sababu sheria yako ingekulazimu uisome radhi hiyo foleni kwanza, na foleni ingeuliza ni nani alisema. Ungenitaja, au ungedanganya. Hukutaka lolote kati ya hayo. Ukachukua baiskeli. Na hata kule Moding hukudanganya. Ulisema limetoka mezani kwako. Hukusema umeliandika. Ni kazi yangu kuona vitu kama hivyo, na hicho kilinichukua hadi kaburini kwako kukiona.

Yule mama alinishika mkono nikiondoka. "Wewe ndiye wa gazeti? Mwandikie Ekisa. Mwambie mtu wake wa Malaba amezikwa. Mwambie mimi nilisamehe kitambo."

Nilimwandikia, lakini nusu. Nilitangaza orodhani kwamba umefariki, na kwamba mama wa Ekisa alikuja kukuzika. Rambirambi zikaja nyingi. Mhadhiri aliandika aya tisa, ya sita ilikuwa katiba. Ya Ekisa ilikuwa fupi: "Poleni. Tuliachana vibaya. Nilikuwa nasubiri aseme pole. Hakusema."

Niliibeba karatasi hiyo mfukoni wiki tano. Mhariri wangu naye yumo kwenye orodha ile. Nikisema niliyoyafanya, nasema mbele yake. Hiyo ndiyo sababu ya wiki tano, na sina nyingine. Lakini kila siku niliyonyamaza, wewe ulikuwa mtu aliyetukana mama wa mwenzake akafa bila kuomba msamaha. Sikuweza kuendelea kukuzika hivyo.

Ijumaa iliyopita niliandika masahihisho. Nikayachapa, nikatoka nayo, nikapanda kreti lako. Salim alikuwepo, amerudi na shehena ya mabati. Mama Amoit alikuwepo. Nikasoma yote: nani alisema, nani aliongeza, nani hakurudi kusoma, nani alipanda baiskeli.

Dereva mmoja wa Kampala ndiye aliyeanza: "Ssebo, bwana wangu, leo mwandishi amejiandika mwenyewe!" Wakacheka, si sana.

Salim hakucheka. "Kwa hiyo miezi yote hii nimemtukana mama wa mtu, na mimi mwenyewe sina habari?"

"Ndiyo."

"Na nikipita Moding na lori langu, nasalimia watu."

"Ndiyo, Salim."

Mama Amoit akasema, "Na chai yangu unakunywa kila siku. Marehemu alikuwa anakulipia, sasa naelewa alikuwa na roho ya namna gani."

Nilisubiri waseme nishuke. Salim akanyoosha mkono. "Lete hiyo karatasi. Hapa umesema 'kwa bahati mbaya nikaongeza.' Ondoa. Haikuwa bahati."

Nikaondoa. Nikasoma tena bila maneno hayo. Akatikisa kichwa kukubali. "Sasa peleka."

Modemu ilikataa mara tatu. Ya nne ikashika.

Mhariri alipiga simu siku ya pili. Aliuliza kama nimewahi kufanya vile gazetini. Nilimwambia hapana. Akasema atazisoma upya habari zangu za miaka ya karibuni, na mpaka amalize nisimtumie kitu. Ni haki yake. Ndiyo maana asubuhi nina muda wa kukaa hapa.

Jana jibu la Ekisa likafika. Nimelisoma foleni, kama sheria inavyotaka, na sasa nakusomea wewe. Sehemu ya kwanza inamhusu Salim: "Mwambieni Salim programu haikuijua mvua. Niliwauliza wenzangu hapa kazini, hakuna aliyekuwa amefikiria karatasi iliyolowa. Alikuwa na haki ya kuuliza, na ningemjibu siku ile ile kama ningesikia sauti yake peke yake." Salim aliomba nirudie mara mbili, kisha akazunguka lori lake akajifanya anakagua magurudumu.

Sehemu ya pili ni mstari mmoja: "Kwa Wandera sijui niandike wapi. Mwambieni nimesikia alikwenda kwa mama."

Huo ndio ujumbe wako. Nimeufikisha.

Chini yake kuna faili. Ni ile programu ya fomu. Nimeifungua leo: baada ya uzito wa mzigo, sasa inauliza swali linalofuata. Bosi anasema karani mpya ataanza nayo Jumatatu. Juu ya kampuni yake Ekisa hajabadilisha hata neno moja, na Mganda wa London tayari amemrukia. Ungefurahi.

Buriani, ndugu yangu. Umelala kwenu, chini ya udongo mwekundu, na sitakusumbua kwa mengi. Ahadi yangu ni moja. Kreti nimelichukua mimi. Kila asubuhi nitasoma, nitaandika, nitarudi nisome, hata kama mvua inanyesha na hata kama mwenye neno yuko lori la mwisho. Mwezi ujao nitakwenda Moding, kwa baiskeli, kusema mwenyewe mezani kwako ni nani alikuwa amekaa.

Barua hii nayo siiweki bado kwenye bahasha. Salim hajavuka, na maneno yake yamo humu. Inakwenda foleni kwanza.