Bonyeza Okei Tu

Jumatano, 12 Machi 2025

Mvua tangu asubuhi. Ackson wa Kawetele kaja steshenari macho mekundu – baba yake, Mzee Abrahamu, amefariki, mazishi kesho. Kaleta wasifu wa marehemu umeandikwa kwa mkono, niuchape. Sharti: uenee karatasi moja ya kukunja. Wake wawili, watoto kibao! Watoto wa mama yake Ackson nikawapanga kwenye mistari, nafasi ikaisha. Wa Mama Sekela, mke wa pili, nikawachorea kisanduku pembeni, nikawaandika humo na maua kuzunguka. Kimependeza kweli. Ackson akasema safi sana dada Esnath, hata mama mdogo atafarijika.

Printa yangu imegoma, nikamrushia faili Atupele, karani wa usharika, kwa WhatsApp, achapishe ofisini kwao. Nilitaka kutuma PDF, akasema hapana, ana namba za nyimbo za kuongeza. Baadaye kapiga simu: dada, kompyuta inasema faili limetoka kwenye programu mpya kuliko hii yetu, vitu vingine huenda visionekane, nifanyeje? Mimi nina wanafunzi wamejaa mlangoni wanataka kopi. Nikamjibu kwa ukali – bonyeza okei tu, mbona unaogopa mashine! Akabonyeza. Akashukuru.

Alhamisi, 13 Machi

Nimetoka Kawetele sasa hivi, viatu tope tupu. Sijui nianzie wapi.

Mzee wa kanisa alisoma wasifu kwenye karatasi ile iliyochapishwa. Mke wa kwanza, wanawe mmoja mmoja. Akamtaja Mama Sekela kuwa mke wa pili. Halafu – wajukuu. Wajukuu! Mama Sekela akainua uso, akasubiri. Wanawe wote wamesimama nyuma yake. Sekela, binti yake mkubwa, akauliza: mama, mbona sisi hatumo? Kwa sauti, pale pale kaburini. Mama mtu akajifunika kanga usoni.

Nikafunua karatasi yangu. Pale penye kisanduku pana picha ya mikono inayosali. Hakuna jina hata moja!

Atupele alikuwa mbali na wanakwaya, hakusikia kitu. Baadaye akanifuata anatabasamu. Dada, pale pembeni palibaki peupe, nikaona hapapendezi, nikaweka picha. Alitaka nimsifu. Nikamwambia pamependeza. Ndivyo nilivyosema, pamependeza!

Ijumaa, 14 Machi

Ackson kaja dukani na Mama Sekela. Amemleta makusudi, aone kwa macho yake kwamba yeye hakuwaruka wadogo zake. Nikafungua laptopu. Kisanduku hicho hapo, majina yote, maua yote. Mama Sekela akapitisha kidole kwenye kioo, akawasoma wanawe polepole, kwa sauti ndogo. Akanishika mkono. Ndaga, mwanangu, akasema, ndaga fijo. Ananishukuru mimi!

Ackson akasema basi ni yule karani. Mama Sekela akamgeukia: karani ana ugomvi gani na wanangu? Ametumwa. Nani kamtuma? Na huku anamwangalia Ackson hivyo hivyo, hapepesi. Ackson akaapa kwa jina la baba yake. Wakanigeukia wote wawili: Esnath, wewe unajua mambo haya, majina yanaweza kutoka yenyewe?

Nikasema, kwangu yapo yote, kama mnavyoona.

Si uongo. Ila si jibu la nilichoulizwa, na mimi nilijua. Walipoondoka nikafunga duka mapema, nikasingizia kichwa.

Jumamosi, 15 Machi

Nina kompyuta ya zamani kule nyuma, ya tangu naanza biashara. Nikaiwasha, nikafungua faili lile lile. Ikauliza kama ilivyomuuliza Atupele. Nikabonyeza okei. Watoto wa mke mkubwa wote wapo. Pembeni – peupe. Nikafunga, nikafungua tena, peupe.

Na kwa nini wa Mama Sekela ndio niliowaweka kwenye kisanduku? Kwa nini si nusu ya wale, nusu ya hawa? Sikufikiri kitu. Nilitaka papendeze, basi. Lakini mkono uliwajua wa kuweka pembeni.

Jumapili, 16 Machi

Leo matangazo kasoma mtu mwingine. Atupele alikaa benchi la mwisho, peke yake. Akina mama nyuma yangu wananong'ona, eti kahongwa na Ackson, eti ndiyo maana siku hizi anasuka nywele kila wiki. Sikugeuka kuwanyamazisha.

Jioni kaja nyumbani na mkungu wa ndizi, maana hajui kuja mikono mitupu. Dada, wewe unanijua, mimi ni mtu wa kufuta watoto wa watu? Nikasema hapana, Atu, huwezi. Nilitaka kumwambia kosa ni la kisanduku changu. Sikumwambia. Nilikuwa nawaza kadi za harusi, ratiba za misiba, mihtasari ya vikundi – nani ataniletea kazi Tukuyu nzima ikijua? Nikamwongezea chai. Akanywa, akaosha vikombe, akaenda. Mwoga mkubwa mimi!

Jumanne, 18 Machi

Kikao cha ukoo Kawetele kimevunjika. Mama Sekela amesema hakai na Ackson mpaka karani amtaje aliyemtuma. Sekela na wadogo zake wamehamia na mama yao kwa mjomba wao, kule Makandana. Ackson kanipigia simu, analia, mwanaume mzima: dada, wale ni damu yangu, nimebeba wale mgongoni. Mchungaji ameitisha wazee wa kanisa Alhamisi. Na mimi natakiwa.

Alhamisi, 20 Machi

Niko kwenye benchi nje ya ofisi ya usharika. Ukungu umeshuka mpaka kwenye madirisha. Wamemwita Atupele kwanza. Naandika huku nasubiri zamu yangu. Nimekuja kusema. Nimejiambia njia nzima, leo nasema.

Dirisha liko wazi kidogo, nasikia. Mchungaji anauliza kwa upole, nani alikuagiza? Atupele: hakuna mtu, baba. Basi majina yalikwenda wapi? Atupele: kompyuta iliniuliza swali, mimi nikabonyeza okei. Labda hapo ndipo nilipoyafuta. Sikujua. Naomba Mama Sekela anisamehe.

Hakusema nani alimwambia abonyeze. Nimesubiri aseme. Hajasema! Ameulizwa tena kama kuna mwingine, amejibu hapana, ni mimi.

Mama Sekela analia. Anasema, kama hukutumwa, mwanangu, nimekusamehe. Ackson naye analia, anamwita mama. Viti vinasogezwa. Mzee mmoja anasema basi, Esnath hatuna haja ya kumsumbua tena, jambo limekwisha, ila ufunguo wa ofisi Atupele aukabidhi. Naye anasema sawa.

Wamesimama, wanaomba. Nainuka niingie – nimeinuka kweli, nimeegemea ukuta ndio naandika. Mchungaji anashukuru kwa roho ya ukweli iliyomshukia binti yetu. Wamesema amina.

Na mimi huku nje nimesema amina.