Lenzi ya Mzee Mwandawiro

Jumamosi, 2 Agosti 2025

Nimeshuka Voi kutoka Wundanyi na kamera ya marehemu Mzee Mwandawiro mapajani. Ile yake kubwa ya filamu, nzito kama tofali! Mjane wake, Mama Teresia, amenikopesha nitoe lenzi niifunge kwenye kamera yangu ya dijitali. Alisema Mzee alipiga picha Taita nzima, afadhali jicho lake liendelee kuona. Aliendelea kuongea, ila mimi macho yote kwenye lenzi. Hata chai sikumaliza.

Jumatatu, 4 Agosti

Lenzi haikai kwenye kamera yangu — shingo yake ni pana mno. Nikampelekea Nicholas, fundi wa chuma hapa nyuma ya soko, achonge ringi ya kuziunganisha. Akataka kipimo: kutoka kwenye lenzi hadi pale filamu inapokaa. Ukikosea kidogo tu, picha zote ukungu. Rahisi! Nikafungua mlango wa nyuma wa kamera ya Mzee pale pale juani, nikamulika na tochi ya simu tupime vizuri.

Kulikuwa na filamu ndani.

Mimi ni mtoto wa dijitali. Kamera yangu naifungua nitakavyo, hakuna kinachokufa. Filamu ikipigwa na mwanga imekwisha. Niliufunga ule mlango mbio. "Shanice, kuna nini?" Nicholas akauliza. Nikasema vumbi tu. Kipimo tulikuwa tumeshapata.

Labda ni filamu tupu. Labda.

Alhamisi, 7 Agosti

Ringi imekubali! Nimempiga picha Edith, yule anayeuza mboga mlangoni pa studio yangu. Wacha tu! Uso wake umetulia, na nyuma yake soko lote limeyeyuka polepole kama siagi. Nimeitundika ukutani. Nilikuwa nacheka peke yangu simu ilipolia.

Mama Teresia. Eti amesahau kunikumbusha, kuna filamu ndani, niioshe. Mwezi ujao wanaweka msalaba kaburini na jamaa wote kutoka Wusi watakuja. Mzee alipiga picha kila mtu, yeye hakuna aliyempiga picha. Isipokuwa siku moja: alimpa mkewe kamera, akakaa mlangoni kwao, akacheka. Picha hiyo imo humo. Mama mwenyewe hajaiona.

Nikamjibu, sawa Mama, hakuna shida.

Hakuna shida! Ulimi huu wangu ungekatwa.

Jumapili, 10 Agosti

Kanisani sikwenda. Nimempigia Samuel wa Mombasa, aliyekuwa akiosha filamu zamani. Nikamweleza yote. Akasema filamu hujiviringisha. Picha za kwanza zinakaa ndani kabisa, zimefunikwa na zinazofuata. Za mwisho ziko juu, na hizo mwanga umezila. Nisiiguse, nimpelekee yeye. Na niombe hiyo ya Mzee iwe ya mwanzoni.

Nimeomba. Kanisa nimelikwepa, sasa namwomba Mungu apange picha!

Kumuuliza Mama siwezi. Nikiuliza ilikuwa ya ngapi, atajua. Njia ya mwongo ni fupi, na yangu naona inaishia Wundanyi.

Jumanne, 12 Agosti

Naandika nyuma ya pazia la studio. Mama Teresia yuko hapo mbele, kwenye kiti cha wateja. Nimemdanganya natafuta bahasha.

Ameshuka Voi kununua saruji ya kaburi, akanipitishia maparachichi. Akaiona picha ya Edith. Akasimama mbele yake kitambo, akaigusa kwa kidole. Akasema kweli, hili ndilo jicho la mzee wangu, Mungu akubariki mwanangu. Amenishukuru! Nilitaka sakafu inimeze.

Ndipo likanitoka. Nikamuuliza, ile picha ya Mzee, uliipiga lini hasa? Mwanzo wa filamu au?

Alicheka mpaka akashika meza. "Ya mwisho, mwanangu! Alinitania, 'Imebaki moja tu, usiniharibie.'"

Halafu akasema hakuiharibu. Mkono wake haukutetemeka hata kidogo, ana hakika.

Nikaja huku nyuma. Kamera iko mbele yangu mezani, shimo wazi mahali pa lenzi. Nitoke nimwambie. Nitoke sasa hivi. Maneno ni machache tu — Mama, nilifungua.

Namsikia anafungua karatasi. Fremu, kumbe ameshanunua! Ananiita nije niangalie kama kipimo ni sawa.