Mtani Kamteka Mgonjwa

Jumatatu, 5 Agosti 2024

Wiki ya tatu tangu Benedikta, mke wangu, apigwe na kiharusi. Mkono na mguu wa kushoto bado vimelala. Ulimi unatembea, lakini polepole, kama treni ya mizigo. Na nani anamuuguza? Mimi, Lugembe! Nimeendesha roli hadi Lubumbashi, nimelala Bujumbura risasi zinalia, leo nishindwe na mke mmoja kitandani? Namwogesha, namgeuza, nampikia uji. Binti yetu Elieth kapiga simu kutoka Bukene, anataka kuja kusaidia. Nimemwambia atulie na mume wake. Huku kuna mtaalamu. Darasa la tano, lakini mtaalamu!

Alhamisi, 8 Agosti

Nane Nane. Mtaa wetu mzima wa Mtendeni umeenda kwenye maonyesho kushangaa ng'ombe wanene. Mimi niko na beseni.

Benedikta kamwaga uji. Shuka ya tatu leo. Nikafoka. Nikapiga ukuta ngumi. Nilichomwambia sikiandiki humu. Kageuza tu uso. Afadhali angenitukana.

Mkono wangu umevimba. Majirani nimewaambia nilibanwa na mlango.

Kesho nitasema nini kibaya zaidi? Hilo ndilo linalonitisha. Kiharusi nimeshakizoea.

Ijumaa, 9 Agosti

Kaja Shamila, fundi cherehani wa nyumba ya pili. Mzaramo — yaani mtani wangu, na mdomo wa mtani haulipi kodi. Kanitazama juu mpaka chini. Eti mgonjwa ni yupi humu, maana aliye kitandani ana afadhali ya sura. Kauona mkono. Hakuuliza ni mlango gani.

"Wewe Mnyamwezi," kasema, "babu zako walibeba pembe kutoka Ujiji mpaka kwetu pwani. Lakini wakifika hapa Tabora walikuwa wanatua! Wewe kakufundisha nani kubeba bila kutua?"

Nikamjibu: wakifika kwenu mlikuwa mnawaibia.

"Na bado hatujamaliza kuiba."

Tukacheka. Nikamwambia msaada sihitaji. Kaondoka bila kubisha. Shamila, bila kubisha! Nilipaswa kushtuka hapo hapo.

Jumamosi, 10 Agosti

Asubuhi nimetoka kuchukua dawa. Narudi — mlango una komeo kwa ndani. Dirishani, kichwa cha Shamila.

"Mgonjwa nimemteka! Njoo umkomboe saa kumi, umenyoa, umelala, una uso wa mtu. Kabla ya hapo sikujui."

Nimegonga. Nimetukana kwa Kinyamwezi, kwa Kiswahili, na kwa kile cha Kongo. Jirani yangu Damas kajishika mbavu: mtani hakasirikiwi, mzee, ndiyo mila! Kweli. Angekuwa mwingine, mlango ungekuwa kuni sasa hivi. Nikapitisha dawa dirishani, nikaanza kueleza — hii baada ya kula, ile kabla...

"Mama yangu nimemuuguza miaka minne. Wewe wiki tatu tu umeshakuwa profesa!"

Basi nikaenda kunyoa. Kinyozi wangu Fikiri anasema nilisinzia kabla hajagusa kidevu. Akaniacha kwenye kiti mpaka saa nane, wateja wengine akawanyolea kwenye benchi!

Sasa ni saa tisa na robo. Nimechuchumaa chini ya dirisha langu mwenyewe, kwenye mchicha wa Damas, daftari gotini. Nasikiliza.

Benedikta anaongea! "Uji wake... una mabuje... kama barabara ya Goweko." Shamila kapiga makofi. Na Benedikta anacheka. Kile kicheko chake cha tumboni. Wiki tatu sijakisikia, na mcheshi wa nyumba hii ni mimi!

Uongo mtupu. Madonge mawili tu, labda matatu. Nataka kuingia nijitetee.

Kauliza saa ngapi. Shamila: tisa na nusu, bado.

"Afadhali," kasema mke wangu.

Afadhali! Mimi ninayemgeuza usiku na mchana! Nimeumia. Halafu kicheko kimenipanda, nimekiziba kwa kofia. Basi siingii. Nusu saa yake aimalize. Nimekaa kabisa, suruali imelowa.

Sauti ya Benedikta imeshuka. Kataja Alhamisi, siku ya ngumi. Nasikia Shamila anaburuta kiti kusogea kitandani.

Naacha kuandika, nisikie —