Blanketi Lililokuwa Mgongoni mwa Ndaga

MAELEZO YA NYONGEZA YA SHAHIDI
Kituo cha Polisi Mafinga, Alhamisi tarehe 22 Juni 2023, saa 4:10 asubuhi

Jina: Asmaa Ibrahimu Alawi
Umri: Miaka 36
Dini: Muislamu
Kazi: Msimamizi wa matunzo ya farasi, Shamba la Ihalila. Nina shahada ya sayansi ya wanyama.
Makazi: Mafinga mjini. Nimezaliwa Iringa.

Mimi niliyetajwa hapo juu naeleza yafuatayo kwa hiari yangu. Swali ambalo nimehangaika nalo kwa siku nane ni hili: je, Asukile Yotamu, mtunza farasi mwenzangu, alikufa kwa sababu aliniasi au kwa sababu alinitii? Nimekuja kwa kuwa katika maelezo yangu ya tarehe 14 Juni niliacha jambo moja, na bila jambo hilo swali lenyewe haliwezi hata kuulizwa.

Marehemu alikuwa na umri wa miaka hamsini na mmoja, mwenyeji wa Rungwe, na familia yake inaishi Mbalizi. Alifanya kazi na farasi miaka ishirini na minne. Farasi aliyemtunza zaidi ni jike wa kijivu aliyempa jina la Ndaga, ambalo kwa Kinyakyusa ni asante. Alimtandika Ndaga kwa namna aliyofundishwa ujanani, yaani kwa blanketi la sufu lililokunjwa mara nne, mkunjo ukielekezwa mbele ili pindo lisimkwaruze farasi mabegani. Juu ya blanketi ndipo alipoweka tandiko.

Mwezi Mei, baridi na manyunyu vilipozidi, farasi wawili walipata mapunye mgongoni, Ndaga akiwa mmojawapo. Niliamini, na bado naamini, kwamba ugonjwa ulikaa katika mablanketi ambayo hayakukauka vizuri. Vilevile Ndaga alikuwa amekonda, na tandiko lake lilikuwa limeanza kumpwaya. Niliagiza pedi mpya, yaani vitambaa vinene vilivyoshonwa maalumu kukaa chini ya tandiko, kila farasi na yake. Ya Ndaga niliichagua nene kuliko zote ili ijaze nafasi iliyopwaya.

Mnamo Ijumaa tarehe 2 Juni, saa 3:00 asubuhi, nilimkabidhi marehemu pedi hiyo katika stoo ya matandiko. Aliibonyeza kwa kidole gumba, akacheka.

"Daktari, hiki kigodoro unamvalisha farasi au unamlaza?"

Mimi si daktari. Alikuwa akiniita hivyo kwa utani tangu nilipoajiriwa. Nilimjibu, "Baba Gloria, mapunye umeyaona. Blanketi lako ndilo linaloyafuga."

"Blanketi nalifua mwenyewe, kwa sabuni ya mche. Halijawahi kumkosea."

"Kuanzia leo lisiguse mgongo wa farasi yeyote."

Akasema, "Haya. Wewe ndiye uliyesoma."

Maneno hayo niliyachukua kuwa ni ridhaa. Sasa sina uhakika kama yalikuwa ridhaa.

Jumatatu tarehe 12 Juni, saa 1:30 asubuhi, nilimwona Ndaga akitoka uani na tandiko limekaa juu kuliko nilivyotarajia. Nilimuuliza marehemu. Alisema, "Pedi ni mpya, bado haijalala." Utaratibu wetu ni kwamba mimi hupitisha kiganja chini ya pedi, kuanzia mabegani hadi kiunoni, kabla farasi hajatoka. Siku hiyo sikufanya hivyo. Nilikuwa na simu mkononi, nikiwajibu wageni waliotaka kupanda farasi mwishoni mwa juma. Siku mbili zilizofuata pia sikufanya. Kama ningepitisha mkono, ningeligusa blanketi.

Mnamo Jumatano tarehe 14 Juni, saa 1:50 asubuhi, marehemu alitoka na Ndaga kumnyoosha miguu kwenye barabara ya vumbi inayopita kando ya msitu wa misonobari. Kulikuwa na ukungu. Saa 2:25 nilisikia mtu akiita kwa nguvu kutoka upande wa barabara, nikakimbilia huko. Nilimkuta dereva wa lori la mbao, ambaye baadaye nilimfahamu kwa jina la Anania, amesimama kando ya mtaro.

"Sijapiga honi, dada," alisema kabla sijamuuliza. "Nilikuwa nimesimama kabisa, nimpishe. Tandiko likageuka tu, akaenda nalo."

Marehemu alikuwa ndani ya mtaro, amelala kwa ubavu, anapumua. Ndaga alikuwa hatua kumi kutoka pale, tandiko likiwa limezunguka hadi tumboni, anatetemeka. Nilipiga simu kuomba gari la shamba. Nilipiga magoti kando ya marehemu nikamwambia asijisogeze. Hakuuliza hali yake mwenyewe. Alisema, "Mfungue. Anaumia."

Nilikwenda kumfungua. Mkanda wa tumbo ulikuwa umefungwa katika tundu la mwisho kabisa la nje, na ulikuwa umelegea. Tandiko lilipoanguka nikaona pedi yangu, na chini ya pedi blanketi la kijivu, limekunjwa mara nne, mkunjo mbele.

Nililichukua, nikamfunika nalo kwa sababu ya baridi. Katika maelezo yangu ya kwanza nilisema, "Nilimfunika kwa blanketi." Hilo ni kweli. Sikusema nililitoa wapi, na hakuna aliyeniuliza. Gari lilifika saa 2:45 likiwa na meneja, Benjamini. Marehemu alifariki njiani, saa 3:05, kichwa chake kikiwa mapajani mwangu.

Hospitali walinirudishia blanketi pamoja na viatu vyake. Lilikuwa na damu, matope na manyoya ya Ndaga. Ijumaa tarehe 16 Juni, saa 10:00 jioni, nililifua ili nimpelekee mjane likiwa safi. Nililifua kama marehemu alivyokuwa akifua, maana niliwahi kumtazama mara nyingi: kwanza nikalikung'uta na kuondoa manyoya kwa brashi ngumu, kisha maji baridi na sabuni ya mche, kisha nikalisuuza mara tatu hadi maji yakatoka meupe. Sikulikamua. Nililitandaza kivulini penye upepo, kwa kuwa jua kali hukausha sufu ikawa ngumu.

Nilikuwa kwenye maji ya tatu nilipoelewa nilichokuwa nikifanya. Farasi anapotoka kazini, kitambaa kilichogusa mgongo wake huwa na alama za jasho. Palipolowa sawasawa, tandiko lilikaa vizuri. Doa kavu katikati ya unyevu ni mahali palipobanwa. Pedi ilikuwa juu, haikugusa ngozi, na nilipoikagua haikuwa na alama ya kutosha. Ushahidi wote ulikuwa katika blanketi, na mimi nilikuwa nimeumwaga kwenye karo.

Nimejiuliza kama sehemu fulani ya nafsi yangu ilijua. Siwezi kuapa kwamba haikujua.

Jumanne tarehe 20 Juni, saa 7:30 mchana, nilifika Mbalizi kwa mjane, Bupe. Tulikuwa wawili tu chumbani. Alinikaribisha mkekani, akaniambia kwamba ofisi ya shamba imempa barua inayosema mumewe alikufa kwa uzembe wa kutokaza mkanda.

"Wewe ulikuwepo, mwanangu," alisema. "Alikaza au hakukaza?"

Nilitoa blanketi kwenye mfuko nikamkabidhi. Alilinusa.

"Umelifua kama yeye," alisema. Kisha akalitazama tena. "Kumbe ulilitoa mgongoni kwa Ndaga."

Nilimuuliza amejuaje.

"Si alinisimulia kwenye simu. Nikamwambia, baba Gloria, utafukuzwa kazi na uzee huo. Akacheka. Akasema, la Daktari litakaa juu lionekane, la Ndaga litakaa chini limfae. Hivyo hakuna atakayenuna."

Nilitaka kumwomba radhi lakini sikujua niombe kwa lipi, kwa agizo, kwa kutokagua, au kwa kunyamaza. Nilimwambia tu, "Alikaza, mama. Mkanda ulikuwa umefungwa."

"Basi usiniambie mimi," alisema. Alilikunja blanketi mara nne, akalirudisha ndani ya mfuko niliokuja nao. "Mimi najua mume wangu. Lipeleke kwa wanaoandika."

Kwa hiyo nimelileta.

Naomba iandikwe kwamba marehemu hakusahau kukaza mkanda. Unene wa vitambaa viwili uliufanya mkanda ufike tundu la mwisho tu, na sufu inapobonyea baada ya mwendo wa nusu saa, mkanda uliofungwa vizuri hulegea. Inawezekana ndivyo ilivyotokea. Inawezekana pia kwamba unene huo ulimbana Ndaga mabegani, kama mguu wenye soksi mbili ndani ya kiatu kinachotosha moja, akaruka kwa maumivu na tandiko likageuka baadaye. Dereva anasema hakuruka, lakini kulikuwa na ukungu. Tena sina hakika kwamba pedi yangu peke yake, bila blanketi, ingekuwa salama, wala kwamba blanketi peke yake lingetosha kwa farasi aliyekonda vile. Kitu ambacho kingeweza kutujulisha kilikuwa katika sufu hii, nami nilikisuuza mara tatu.

Nimesomewa maelezo haya nikayaona ni sahihi, na sina la kupunguza. Kama lipo la kuongeza, silijui.

Sahihi ya shahidi: A. I. Alawi

Maelezo haya yameandikwa na kusomwa mbele ya shahidi nami, Koplo Mercy, saa 5:55 asubuhi. Shahidi aliomba kupumzika mara moja. Nimepokea kutoka kwake kielelezo kimoja: blanketi la sufu, kijivu, kuukuu, lenye kiraka upande mmoja. Limekunjwa mara nne. Ni safi, linanukia sabuni, na halina alama yoyote inayoonekana.