Kadi Iliyokuwa Yangu

Makori, ndugu yangu,

Tangu radi ikupige katikati ya shamba la chai huko kwenu Nyamache ni miezi minne sasa, na mimi bado naichezea timu ya taifa ya raga. Juzi wamenipa unahodha. Unahodha, Makori! Mimi! Nilicheka mpaka kocha akaniuliza kama niko sawa.

Unaikumbuka ile mechi ya ugenini? Tulikuwa tumelaliana chini, rundo la watu, na mimi kwa hasira za kijinga nikamtwanga yule jamaa wao shingoni kwa bega. Kofia za kukinga kichwa, yangu na yako, zilifanana. Refa akakuinua wewe, akakupa kadi nyekundu, na video nayo haikuonyesha kitu. Chumbani, tukibadilisha nguo, ukanishika shati: "Nyamaza wewe. Una kesi ya zamani, watakumaliza. Mimi ni mara ya kwanza, watanihurumia."

Wakuhurumie wapi! Yule jamaa alikuwa amelazwa hospitalini, shingo imefungwa. Kamati ya nidhamu ikakufungia karibu msimu mzima, nafasi yako akapewa mwingine, ukarudi nyumbani kuchuma chai. Nami nikakaa kimya, ji.

Siku ya mazishi yako nilisikia akina mama wa kanisa wakinong'ona kwamba radi haimpigi mtu bure. Eti ulicheza siku ya Sabato, tena ukamvunja mtoto wa watu shingo. Mama yako alisikia, akainamisha kichwa tu. Makori, mama yako anaamini Mungu alikuua kwa sababu ya bega langu!

Jana nikaenda kumwambia. Nilisema yote huku nalia. Alinisikiliza hadi mwisho, kisha akasema polepole, "Mwanangu alipiga magoti kanisani, akatubu kosa hilo kwa mdomo wake. Makori hakuwahi kunidanganya. Usije hapa kumfanya mwongo kaburini." Halafu akanimiminia chai, na ikabidi ninywe.

Kwa nini ulitubu kosa langu, wewe mtu? Nani alikutuma? Ulidhani kunificha hata mbele ya Mungu ndio urafiki? Nakupenda, na nimechoka nawe. Nikisema, mama yako ana mwana mwongo. Nikinyamaza, ataendelea kumlilia mtu aliyelaaniwa. Sili, silali, sioni pa kutokea.

Kamati nimeiandikia, jina langu liko chini. Unahodha nimeurudisha. Na Sabato ijayo nitasimama kanisani kwenu, mbele ya akina mama hao hao, niseme ni mimi. Hilo nakuahidi. Najua mama yako hatanifungulia mlango tena, na atakulilia upya kana kwamba umekufa leo.

Kwaheri, ndugu yangu. Nisamehe, lakini bora wakuite mwongo.

Wako,
Ombati