Umeme Mdogo wa Manyamanyama

Bwire,

Kisanduku chako kimekufa, na waliokiua ni watu waliokupenda. Naanza na hilo kwa sababu hukupenda salamu ndefu, na kwa sababu nimechoka kuambiwa kwamba bado kinafanya kazi. Kinawaka, ni kweli. Lakini gitaa langu likipita humo linatoka kama bati linaloburutwa barabarani.

Tangu tulipokuzika Butiama nimekuwa nikizungumza nawe kimoyomoyo, hasa kwa kukugombeza. Leo nimeona niandike, maana maneno ya kimoyomoyo hayana mpangilio, nami sipendi maneno yasiyo na mpangilio.

Unakumbuka kilivyokuja? Padri mmoja mgeni alikuwa anahama parokia, akakuachia kile chombo cha chuma kinachoipokea sauti ya gitaa na kuikuza kabla haijafika kwenye amplifaya. Kilikuwa kizito, kina valvu za kioo ndani, kizee kuliko watoto wetu wote. Mimi nilikipenda kama kilivyokuwa. Sauti yake ilikuwa safi, kila noti ikisimama peke yake. Wewe ulisikiliza kidogo tu ukasema, "Hiki kinaimba kama mtoto wa komunyo ya kwanza. Roki haipigwi hivi." Ukakifungua hapo hapo, juu ya meza ya duka lako la kutengeneza redio pale Manyamanyama, Bunda. Nilitoka nje nisione.

Kwa miaka mingi ulitoa hiki ukatia kile. Ulibadilisha kapasita ili besi isivimbe kwenye kumbi zetu za mabati. Uliongeza valvu mahali ambapo aliyekiunda hakuiweka. Ulichomelea, ukasikiliza, ukang'oa, ukachomelea tena, na kila mara ulisema bado. Kisha ikaja harusi moja ya Musoma. Nilizigonga nyuzi kwa pamoja mara moja tu, na wazee waliokuwa wakila pilau wakaacha vijiko. Sauti ile ilikuwa na mchanga ndani yake, lakini haikumkwaruza mtu. Nilipoinua vidole haikukatika. Ilibaki juu yetu, ikififia taratibu kama mtu anayeondoka huku bado anaongea. Mimi niliyetaka usafi maisha yangu yote nilitamani ule wimbo usiishe.

"Umeweka nini humu?" nilikuuliza.

"Mwalimu, wewe piga. Ukijua kilichomo utaanza kukisahihisha kwa kalamu nyekundu."

Bendi nzima ilicheka. Nami nilicheka. Sasa sicheki.

Na palikuwa na kile kingine, kile kizito ulichokiviringisha kwenye kitenge cha mke wako, kilichokaa kati ya soketi ya ukutani na kisanduku. Tulipokuuliza ulijibu kwamba ni kinga ya umeme. Tuliamini. Kwa nini tusiamini? Umeme wa kwetu tunaujua, umeshaunguza friji na televisheni za watu. Hata kule Guta, kwenye harusi ya jenereta, hukukubali nipige noti moja mpaka kitenge kifike kutoka mjini Bunda kwa pikipiki. Bibi harusi alisimama mlangoni akisubiri muziki wa kuingilia. Nilikuita mkaidi mbele ya wakwe, ukanijibu, "Mkaidi mwenye sauti nzuri."

Wiki ile ya mwisho nilikuja hospitalini nikakuuliza waziwazi kisanduku tukifanyeje. Ukasema, "Chomekeni, mpige. Siku ya misa yangu ya mwaka nataka niisikie sauti ile huko nitakakokuwa." Nikakuahidi. Ulikuwa na pumzi ya kulalamikia uji. Ulikuwa na pumzi ya kumtania nesi kwamba amepaka wanja wa msibani kabla ya msiba. Pumzi ya kuniambia ukweli hukuwa nayo?

Sikiliza sasa kilichotokea.

Mdogo wako Magesa, ambaye sasa anaiongoza bendi na bado anapiga ngoma kwa haraka kuliko inavyotakiwa, aliamua kukuheshimu. Alinunua stabilaiza mpya ya kuuzuia umeme usipande wala kushuka, yenye saa inayoonyesha umeme ulivyo. Akaniambia, "Kaka Mwalimu, kifaa cha marehemu hakiwezi kutegemea kinga kuukuu namna hii. Kikiungua, watu watatusemaje?" Ile kuukuu aliwapa wanunuzi wa chuma chakavu, kwa ajili ya shaba iliyokuwamo. Kitenge alikirudisha kwa mjane wako, kimefuliwa na kukunjwa vizuri.

Siku ya kwanza tulipopiga kwa stabilaiza, sauti ilitoka kavu na kali. Tulizilaumu valvu. Tukazilaumu nyaya za gitaa. Halafu Magesa, kwa ule upole wake wa kuudhi, akavilaumu vidole vyangu: "Uzee nao unakuja, Kaka." Niliporudi nyumbani Kitaji niliketi na gitaa magotini nikavichunguza vidole kimoja kimoja.

Magesa hakuishia hapo. Alikipeleka kisanduku kwa fundi mmoja pale mjini, mtu nadhifu, mwenye vipimo vyote mezani. Fundi akakifungua, akatikisa kichwa, akasema kimechezewa. Akaing'oa valvu yako. Akazing'oa kapasita zako. Akakirudisha jinsi kiwanda kilivyokichora, akakifuta vumbi, na vitu ulivyoving'ang'ania miaka yote akavitupa pamoja na taka za siku hiyo. Sikuwepo. Magesa alikileta mazoezini amekikumbatia kama mtoto aliyetoka wodini. "Sasa kimepona," akasema. Nilipopiga, nilikisikia kile kile cha padri, isipokuwa sasa kilikuwa kimechoka, kinakwaruza.

Ndipo nikaenda Manyamanyama kwa shemeji yangu Pendo, mke wako. Nilimkuta anamenya mihogo. Nilimweleza yote, tangu stabilaiza mpaka kwa fundi. Akaweka kisu chini.

"Shemeji, kile cha kwenye kitenge hakikuwa kinga. Kilikuwa cha kupunguza umeme. Yeye alikuwaga anafanya kazi jioni tu, watu wakishawasha taa na majiko, umeme unashuka mpaka balbu inakuwa nyekundu. Hapo ndipo sauti inakuja tamu. Akienda Musoma, umeme una nguvu, sauti inakataa. Ndiyo akakisuka kile kidude, awe anakwenda na umeme wetu mdogo."

"Mbona hukusema?" nilimuuliza.

"Nani aliniuliza? Mlikuja wanaume watupu, mkabeba, mkaondoka. Mimi nililetewa kitenge."



Nilimwomba tusubiri jioni. Nilikuwa nimebeba kisanduku na gitaa, na spika yako ndogo bado iko dukani. Nilitaka angalau tuusikie huo umeme mdogo ukipita ndani ya mabaki. Jua likazama. Majirani wakawasha taa, mtu akawasha jiko, redio tatu nne zikaanza kushindana. Tulikaa tukiitazama balbu yako. Ikabaki nyeupe pee.

Wameleta transfoma mpya mtaani kwenu, Bwire. Jirani yako mshona viatu alipita akasimama mlangoni, uso umejaa furaha. "Shikamoo Mwalimu! Umeuona umeme wetu? Unapiga pasi huku wenzako wanapika, na haushuki!" Nikaitikia marahaba. Nadhani katika Bunda nzima ni mimi peke yangu niliyeuchukia mwanga ule. Shemeji akasema, "Angekuwepo angewatukana hao wa umeme mpaka waje kuing'oa." Akacheka, kisha kicheko kikageuka. Nilitazama pembeni mpaka alipomaliza.

Sasa niseme lililonileta kwenye karatasi hii. Nimekukasirikia. Neno moja tu lingetosha: kinapunguza. Magesa asingekigusa. Fundi asingekiona kisanduku kabisa. Sisi ndio tuliokubebea spika, tuliolala nawe kwenye magunia gari lilipoharibika, tulionyamaza ulipotutukana kwa kupiga ovyo. Ulituficha sisi, ukawaachia wanunuzi wa chuma chakavu. Ulidhani unaitunza sauti yako. Hivi leo hakuna mtu duniani anayejua kile kidude kilipunguza kiasi gani, na umeme wa kukipimia haupo tena. Hata nikimpata fundi mwenye subira, nitamwambia atafute nini? Nitamwambia balbu ilikuwa nyekundu?

Jumamosi ni misa yako ya mwaka, Butiama. Ng'ombe amekwisha kuchaguliwa. Magesa ametangaza kila mahali kwamba baada ya chakula watu wataisikia "sauti ya Bwire", na anataka nipige kupitia kisanduku kile. Nimekataa. Amenuna, anasema naharibu shughuli ya kaka yake. Anune.

Nilikuahidi kwamba utaisikia. Ahadi hiyo siwezi kuitimiza, na sehemu kubwa ya lawama ni yako. Pokea hii nyingine badala yake. Nitachomeka gitaa moja kwa moja kwenye amplifaya, bila kisanduku, na litatoka jinsi litakavyotoka. Kabla sijagusa waya, shemeji Pendo atasimama mbele ya ukoo na bendi aeleze kile kitu kilikuwa nini na ulikitengenezaje. Nimemwomba, amekubali. Safari hii wanaume tutakaa tumsikilize mpaka amalize. Na madhali ningali hai, hakuna sauti nyingine itakayopewa jina lako nikiwa nimenyamaza.

Pumzika, mkaidi wewe. Hasira yangu haijaisha, nitakuja nayo Jumamosi.

Mwenzako,
Mwalimu Masatu