Safari Yako ya Mahekalu Matatu

Muaither, Doha
Ijumaa, Oktoba 2014

Kaka Selvam,

Leo nina miaka miwili na miezi minne tangu nitoke Bungoma, na wewe hii ni wiki ya tisa tangu utolewe hapa ndani ya sanduku. Kitanda chako amepewa Mnepali. Anakoroma kukushinda.

Nakuandikia kwa sababu nimeharibu.

Binti yako Kavitha alinipigia. Ile nadhiri uliyoweka alipougua, kwamba akipona utamzungusha kwenye mahekalu matatu ya wafalme wa kale wa Kichola huko kwenu India, alitaka kuitimiza yeye na mjomba wake. "Anko, yale baba aliyokuambia, uniambie nikiwa pale pale." Nami nilikuwa nimekusikiliza kila Ijumaa tukifua nguo. Niliona kama nimeshafika.

Thanjavur ilikwenda vizuri. Alisimama chini ya mnara, simu sikioni, nikamwambia atazame jiwe la juu kabisa. Nikamweleza ulivyotucheka sisi mafundi wa jukwaa la ujenzi tukilalamikia joto: "Wazee wangu walipandisha lile kwa tuta la udongo, nyinyi mna kreni na bado mnalia!" Akacheka kama wewe, kwa pua.

Kisha nikamwambia Darasuram, kwenye hekalu la pili, ni hapo tu, watembee. Kaka, kwenye ramani uliyonichorea juu ya plaiwudi, hekalu hadi hekalu ni kidole kimoja! Walitembea juani mpaka mwenye duka mmoja akawauliza nani kawatuma. "Anko, yuko Qatar." Akawapandisha basi. Walifika jioni, Kavitha akayashika magurudumu ya lile gari la mawe lililochongwa hekaluni, akalia.

La tatu, Gangaikonda Cholapuram, jina lililonichukua mwezi mzima kulitamka, tulipanga Ijumaa iliyofuata. Asubuhi ile basi likaja kutuchukua ovataimu. Nikamwambia foromani nina shughuli ya msiba.

"Wa nani?"

"Wa Selvam."

"Selvam si ndugu yako. Panda."

Nikapanda. Simu tunaacha getini, unajua.

Jioni nilikuta amepiga mara kumi na tisa. Alingoja nje mpaka saa sita mchana, hekalu likafungwa. Hakuingia. Nilipompigia alisema hawezi kuingia bila maneno yako, na maneno yako ninayo mimi. Wakarudi nyumbani.

Ningekataa kupanda? Siku ile uliyoanguka jukwaani, asubuhi yake ulisema kifua kinabana. Ni mimi niliyekuambia, panda basi tu kaka, wasije wakakurudisha kwenu. Hilo sijamwambia Kavitha. Sijui nitaanzia wapi.

Pumzika, kaka. Mkataba wangu unaisha mwezi wa pili. Nimeomba tiketi ipitie kwenu kwanza. Ofisi imesema itaona, na pasipoti wameifungia wao. Wakikubali, nitavua viatu niingie naye, na hilo la kukupandisha basi nitamwambia uso kwa uso. Wakikataa, nitampigia kutoka kwa mama. Bungoma nitafika mwezi huo huo wa pili, wakinifungulia pasipoti.

Mdogo wako,
Wafula